UZI: Kwa nini Mwingereza haachi Spitfire, Mjerumani haachi treni, na Mjapani haachi roboti?

#1 GundiMkononi

Wakuu salaam.

Anayetaka siasa za leo jukwaa lake analijua. Huu ni uzi wa watu ambao vidole vyao havitoki gundi hata wakioga.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, kwa sasa naishi Birmingham. Ugonjwa wa modeli za plastiki niliambukizwa na baba mdogo aliyekuwa baharia. Siku moja alirudi na kiboksi kimebonyea: Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya vita vya pili, ya kampuni ya Airfix, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Gundi yake ilishakauka melini, nikaamua kutumia ile ya kuzibia tyubu za baiskeli. Plastiki ikayeyuka. Bawa la kushoto likalegea kama jani la mgomba saa saba mchana. Nilikaa nayo hivyo hivyo miaka sita.

Sasa kila Novemba naenda Telford, si mbali na hapa, kwenye maonyesho makubwa ya modeli. Vyama vya nchi mbalimbali huwa na meza zao. Mimi nina mchezo wangu: naziba kibao cha jina la nchi kwa kiganja, natazama meza tu, nataja taifa. Nikikosea namnunulia rafiki yangu chai. Chai ninazonunua ni chache sana.

Mara ya mwisho, meza ya kwanza ilikuwa na ndege fupi nene, kama pipa la mafuta ya taa lililoota mabawa, kijani na nyeusi, na ubavuni ina swastika ya buluu. Kijana mmoja pembeni yangu akanong'ona, "Manazi hao." Si Manazi, ni Wafini. Alama ile walianza kuipaka mwaka 1918, baada ya bwana mmoja mkubwa wa Sweden, Eric von Rosen, kuwapa ndege iliyokuwa na nembo yake binafsi ya bahati. Waliifuta 1945. Na lile pipa ni Brewster ya Marekani. Wamarekani wenyewe walipigwa nayo vibaya kwenye mapigano ya Midway, Bahari ya Pasifiki, mwaka 1942 na hawataki hata kuikumbuka, lakini mikononi mwa Wafini ilikuwa mwiba kwa Warusi. Mmarekani akiunda Brewster ujue ameishiwa. Mfini hatulii mpaka awe nazo tatu.

Meza ya pili: Spitfire. Ungesema Waingereza, lakini angalia namba za vikosi: 310, 312, 313. Hao ni Wacheki, vikosi vya wakimbizi wao walioruka na jeshi la anga la Uingereza. Meza ya tatu ndege ya Hurricane ya kikosi cha 303, Wapolandi. Ya nne Saab, Saab, Saab, na nyuma yake Saab nyingine yenye theluji. Hapo hata kibao huna haja ya kukiziba, ni Waswedi. Na meza za wenyeji ni Spitfire, Lancaster, Spitfire, halafu Spitfire ya waridi, ile ya kupiga picha za upelelezi, mwenyewe akikwambia "hii ni tofauti kidogo."

Wengi husema ni uzalendo. Mimi nasema ni kalibu.

Modeli ya plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma, yaani umbo linalomiminiwa plastiki. Kuichonga ni ghali mno, plastiki yenyewe ni senti. Kwa hiyo mwenye kiwanda lazima auze maboksi maelfu kwa maelfu ndipo arudishe hela yake, na atauza kwanza kwa nani? Kwa mtoto wa jirani. Airfix aliianzisha Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, mwaka 1939. Mwanzo alitengeneza vitu vya mpira vya kujaza upepo, baadaye vitana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatoa meli ya Golden Hind, ikauzwa kwenye maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu boksi lingepandisha bei. Baadaye kidogo ikaja Spitfire. Mtoto wa miaka ya 1950 mwenye shilingi mbili alipewa Spitfire, hakuichagua. Leo ni babu, ana pensheni, na bado anaiunda ile ile. Tukimwangalia tunasema "ladha ya taifa."

Na kalibu hiyo hiyo ndiyo itakuonyesha taifa linachokikataa. Kulikuwa na kampuni ya Kiingereza inaitwa Frog. Ilipokufa miaka ya 1970, makalibu yake yalikwenda Umoja wa Kisovieti, modeli zikatoka upya kwa jina la Novo. Makalibu yote isipokuwa ya ndege za Wajerumani na Wajapani wa vita vya pili. Hizo Warusi hawakuzitaka, zikaishia kwa kampuni nyingine, Revell. Yaani walikaa mezani wakachambua chuma kama mchele: hii yetu, hii chuya.

Nawasilisha. Wenye makazi nje na wenye hobi hii, njooni mnipinge.

#2 Mkwezi wa Mnazi

Mkuu, swali la kizushi. Haya madude yanaliwa?

#3 GundiMkononi

Hayaliwi mkuu, yanakula. Yameshakula bonasi yangu ya Desemba.

#4 Dereva wa Hamburg

Kaka Gundi, umeongea vizuri ila huku Ujerumani mbona umepita kwa mbali? Ngoja nikusaidie, maana nipo huku mwaka wa kumi na moja.

Mjerumani mtu mzima ukimwambia unaunda modeli, swali lake la kwanza ni "kipimo gani cha reli?" Treni ndiyo dini. Märklin, kampuni ya treni hizo ndogo, ipo tangu 1859, na huku Hamburg tuna Miniatur Wunderland, imefunguliwa 2001, watu wanapanga foleni kuangalia treni ndogo zikipita milima ya plasta. Nilimpeleka mama alipokuja kunitembelea. Alisimama mbele ya kituo kidogo cha zimamoto nusu saa nzima, magari yanatoka yenyewe na taa zinawaka, akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu hawana mashamba?"

Sasa kuna jambo la sheria. Kifungu cha 86a cha sheria za jinai kinakataza kuonyesha alama za Nazi hadharani. Wanahistoria na wasanii wana nafasi yao, lakini muuza duka hataki kesi. Kwa hiyo ukinunua boksi la Messerschmitt, ndege ya kivita ya Kijerumani, huku, picha ya juu mkia mtupu. Ndani, kwenye stika za maji, hiyo alama ama haipo ama imekatwa vipande viwili, ukitaka uviunganishe mwenyewe nyumbani kwako. Hata hizo ndege zako za Wafini zinaletwa zimekatwa hivyo hivyo, kampuni hazitaki kueleza tofauti mahakamani. Jirani yangu mzee anaunda ndege za vita tangu utoto na rafu yake yote haina alama hiyo hata moja. Nilimuuliza kama ni sheria. Akasema sheria haiingii sebuleni kwake, ni mke wake tu hataki, baba wa huyo mke hakurudi vitani.

Kwa hiyo siyo kalibu peke yake. Kuna vitu kalibu ipo na mtu hataki.

Halafu kwa wapenda vipimo: meli wanazokusanya hapa ni 1/1250, ndogo kama kiberiti. Zilianzia kwenye modeli za kampuni ya Wiking za miaka ya 1930, jeshi lao la maji lilizitumia kufundishia kutambua meli za adui. Mwingereza ukimwonyesha anadhani ni kifungo cha koti.

#5 GundiMkononi

Mkuu Dereva, hiyo ya mke wa jirani imeniweka kimya. Naipokea.

Kwenye reli nina nyongeza moja, wenye haraka rukeni. Treni za Mjerumani ni 1/87, za Mwingereza ni 1/76, lakini zote zinapita reli ya upana ule ule wa milimita 16.5! Sababu: mabehewa ya Uingereza ni membamba kuliko ya bara, na zamani mota hazikuenea ndani ya injini yake ikipunguzwa kwa 1/87. Wakapanua injini, reli wakaiacha. Hadi leo treni ya Mwingereza mezani ni kama jitu lililovaa viatu vya mtoto. Na Airfix walipoanza vifaru wakafuata hiyo hiyo 1/76, ndiyo maana vifaru vyao vya zamani havilingani na ndege zao za 1/72. Mota ya treni imeamua ukubwa wa kifaru. Nani alichagua hapo?

#6 Msomi wa Krakow

Habarini ndugu zangu. Nilisoma Poland miaka ya 1980, nimecheka mlivyosema kalibu.

Kule makalibu yalikuwa machache, na hata ungekuwa na hela plastiki ya nje ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Wao walikuwa na karatasi. Kuna gazeti linaitwa Mały Modelarz, limeanza 1957. Unalinunua kibandani, ndani kurasa zimechapwa sehemu za meli, kifaru au ndege. Unabandika baadhi kwenye kadibodi, unakata kwa wembe, unakunja, unagundisha. Mwenzangu wa bwenini alikuwa anakunja mtutu wa mzinga wa manowari kwenye sindano ya kushonea, unene wa njiti ya kiberiti, anaubana kwa vidole huku anahesabu mpaka sitini. Alikuwa na mitutu kumi na miwili ya kukunja. Usiku huo hatukulala, taa ilikuwa moja.

Leo maduka yamejaa plastiki, wana kampuni zao nzuri, Arma Hobby na IBG, wanatoa ndege za PZL na Hurricane za kutisha kwa ubora. Lakini watu wa karatasi hawajaisha, na wengine wamekuwa wakali zaidi. Wacheki nao vile vile, gazeti lao la watoto la ABC limekuza watu kwenye karatasi. Makalibu yamejaa, na Mpolandi hajaacha wembe. Hilo utalielezaje, Gundi?

#7 Matatu Karatasi

Sasa mimi ndiye wa kuvunja hii nadharia kabisa. Niko Nairobi, Umoja.

Boss, sisi tulikua bila Airfix, bila Märklin, bila chochote. Na bado tuliunda. Magari ya waya! Nani hapa hakuwa na gari la waya lenye usukani mrefu wa kusukuma ukiwa umesimama, magurudumu ya vifuniko vya Kimbo au ndala zilizochanwa? Sasa sikiliza. Mimi na wenzangu tuliunda matatu, na haikuwa matatu tu, lazima iwe na keria juu, na kondakta wa kadibodi ananing'inia mlangoni. Binamu zangu wa Arusha wakija likizo wanaunda basi refu la Scania, na walikuwa wanabishana kuhusu idadi ya taa za mbele. Wajomba zangu wa Turkana, gari lao la waya lilikuwa Land Rover ya serikali, kila siku.

Hakuna kalibu hapo. Hakuna kiwanda. Waya ni ule ule. Kwa nini kila mmoja akaunda tofauti?

Leo naunda matatu za karatasi ngumu, 1/25, na michoro yote ya ubavuni, na ndani nimeweka taa. Mtu wa kwanza kuniuliza bei alikuwa makanga.

#8 GundiMkononi

Hapo umenibana kaka, sina pa kutokea.

Nimeacha simu, nimekwenda kuosha vyombo nikifikiria. Nadhani niseme hivi: mtoto huunda kile kilichompita barabarani akabaki ameduwaa. Kwenu matatu, kwa binamu zako basi la mkoani. Mtoto wa Uingereza wa 1940 juu yake zilipita Spitfire za kweli, na mdogo wake akasimuliwa. Kiwanda kikaja baadaye na kalibu, kikakuta wivu upo tayari. Mmarekani naye ni hivyo: kampuni ya AMT mwaka 1958 walitoa magari ya mwaka ule ule yaliyokuwa yanauzwa, 1/25, boksi moja unachagua uunde la kawaida, la kurekebisha au la mashindano. Kijana hana umri wa leseni, baba anayo Chevrolet nje. Ilikuwa lazima.

Ila kwenye vita Wamarekani hawakuachiwa wachague. Mwaka 1942 jeshi la maji liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za mbao, za ndege za kwao na za adui, zifundishie wapiga mizinga kutambua kivuli angani. Zote 1/72.

#9 Mzee wa Tezi na Omo

Asalaam aleikum wanangu. Mimi ni mchonga majahazi wa Lamu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia.

Mumesema mengi ya viwanda. Mimi nachonga kwa mkono kwa ajili ya kuuza, na nitawaambia niliyoyaona. Mgeni wa ulaya akija dukani anatazama tanga. Tanga likiwa kubwa na jeupe amenunua, hata mlingoti ukiwa umepinda. Kijana wetu aliyekwenda kufanya kazi Maskati au Dubai akirudi kununua la kuweka sebuleni kule, haangalii tanga. Anainama, anatazama omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kama imesimama wima, maana jahazi la Lamu omo yake haiinami kama la Kiarabu. Anatafuta macho mawili ya mbele. Anagusa demani, kamba ya tanga, kwa kidole aone imefungwa wapi. Mmoja alinirudishia jahazi kwa sababu foromali, mti unaobeba tanga, ilikuwa fupi, akasema, "Babu, hili halifiki hata Manda, kisiwa cha hapo ng'ambo."

Nilimrekebishia bila malipo. Alikuwa na haki.

#10 GundiMkononi

Shikamoo mzee wangu. Naomba mjukuu akusomee: hayo maneno yako nitayachapa niyabandike juu ya meza yangu ya kazi.

#11 Mzee wa Tezi na Omo

Marahaba. Usisahau kuleta picha.

#12 Fundi Umeme Shizuoka

Samahani kwa kuchelewa wakuu, huku kumeshakucha.

Mimi nipo Japani, mkoa wa Shizuoka, na kwa bahati tu, maana nilikuja kwa mambo ya mota za umeme na sikujua kama nimeingia Makka ya modeli. Tamiya, Hasegawa, Aoshima, Fujimi, wote wako mkoa huu. Mwanzo walikuwa watu wa mbao. Tamiya ilianza 1946 na kiwanda cha mbao, wakaingia modeli za mbao, na plastiki ikaja 1960 na manowari Yamato. Yamato yao iliwatia hasara, mshindani alikuwa na ya bei ya chini.

Sasa mtani wangu mmoja huko juu lazima atauliza habari za 1/35, kipimo cha vifaru dunia nzima. Kilitoka wapi? Walitengeneza kifaru cha Kijerumani, Panther, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chenye mota ndani, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri. Kifaru kiwe kipana kiasi cha kumeza betri na giaboksi. Basi. Leo viwanda vya China, Ukraine na Italia vinachonga 1/35 kwa sababu ya betri za Kijapani za zama zile.

Na roboti? Gunpla, yaani modeli za roboti za katuni ya Gundam, kampuni ya Bandai walianza Julai 1980, 1/144, yen 300. Mfanyakazi mwenzangu ana miaka 52, meneja, tai kila siku. Mezani kwake ana roboti moja nyeupe. Nilimuuliza kwa nini asiunde Zero, ndege ya babu zake. Alicheka, akasema nyumbani kwao habari za vita hazikuzungumzwa mezani, lakini hiyo roboti alipanga foleni na mama yake na ilipofika zamu yao ziliisha. Anaziunda kwa ajili ya ile foleni.

Lakini manowari wanaziunda, tena sana. Mwaka 1971 hizo kampuni nne ziligawana meli za kivita kama wanavyogawana urithi, kila mmoja achonge zake, zote 1/700, zilizokatwa usawa wa maji. Kwa hiyo siyo kwamba vita wameikimbia. Mimi bado sijaelewa mstari unapita wapi, na nipo hapa mwaka wa sita.

#13 Kifaru Mtupu

Wote mmekwepa swali kubwa. Kifaru TIGER. Kwa nini kila taifa linaunda Tiger? Wajerumani walitengeneza Tiger I kama 1,350 tu, Sherman za Wamarekani zilikaribia 50,000. Ingia duka lolote, Tiger zimejaa rafu mbili. Ladha ya taifa iko wapi hapo?

#14 Dereva wa Hamburg

Mkuu, kwa rafu unazoziona mtu angeapa Ujerumani ilishinda. Nadhani wanaipenda kwa sababu ni boksi lenye pembe, halina miviringo ya kukusumbua kupaka rangi. Na Wahispania walipoikoleza fasheni ya kuchakaza modeli, kutu, vumbi, matope hadi kwenye mnyororo, Tiger ndiyo iliyokubali uchafu vizuri zaidi. Sherman ikichafuka inaonekana ni lori la kokoto.

#15 GundiMkononi

Tiger nimewahi kuunda mbili na sitetei.

Niwape langu la mwisho kabla sijalala. Mwaka jana kwenye meza za Telford Mswedi mmoja aliniuliza, "Na wewe kwenu mnaunda nini?" Nilikuwa nimeshika mfuko wenye Spitfire. Nikajisikia vibaya, wakuu.

Basi nimeanza Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Hakuna boksi lake nililowahi kuliona, nakata kadibodi na plastiki tupu. Na ukifikiria, hiyo meli yenyewe ilikuwa modeli ya kuunga: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha meli cha Meyer mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaungwa huko, 1915 ikaingia ziwani kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakiwa wameipaka grisi, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi kama Liemba 1927.

Urefu ni mita 71 na ushee. Kwa 1/72 inanipa karibu mita moja kamili, na mke wangu ameshasema hapana, kabati ni la vyombo. Kwa 1/1250 ya Dereva ni sentimita sita, nitaipoteza kwenye zulia. Nimekwenda na 1/350, sentimita ishirini.

Tatizo langu ni bomba la moshi na sehemu ya juu. Kuna mtu wa Kigoma humu?

#16 Mwana wa Ujiji

Nipo. Babu yangu alipakia dagaa humo. Swali ni unaunda ya mwaka gani kaka? Ya mvuke, au baada ya kuwekwa injini za dizeli miaka ya 1970? Maana juu si ile ile.

#17 GundiMkononi

Ya mvuke. Babu alikuwa anaizungumzia ya rangi gani?

#18 Mwana wa Ujiji

Nyeupe, anasema. Ila nisubiri mpaka Jumapili, namfuata shangazi Mwandiga, yeye ndiye mwenye picha.